Kuchagua Kitabu cha Umeme na Sumaku

Katika kidato cha nne hakuna swali linaloulizwa mara nyingi kama hili: "Kitabu gani kizuri cha umeme?" Huulizwa hasa mwanzo wa muhula, wakati fedha za wazazi hazijakwisha mfukoni, na majibu yake ni mengi kama watu waulizwao. Mmoja husifu kitabu kinene kwa sababu ni kinene. Mwingine husifu kijitabu cha maswali ya mitihani iliyopita pamoja na majibu yake. Wa tatu husema vitabu vyote ni sawa, ila akili ndizo mbalimbali. Nami kwa kuwa mwaka huu nilipewa fedha za kitabu kimoja tu, wala si viwili, ilinipasa kulichunguza jambo hili zaidi ya desturi yangu, na Mhariri ameniomba niwaeleze wenzangu niliyoyaona.

Yafaa kwanza niseme fedha zenyewe zilitoka wapi. Mama yangu ni mshonaji wa sare za shule. Kwa miaka mingi alikanyaga cherehani kwa miguu. Umeme ulipofika kijijini kwetu alifungiwa mota ndogo ubavuni mwa cherehani, nayo ikampunguzia maumivu ya magoti. Mwezi wa Desemba, ambao ndio msimu wa kushonesha sare, mota ile iliungua. Alikuwa akipitisha ukanda wa sketi, mahali ambapo kitambaa kimekunjwa mara nne. Sindano ikakwama, gurudumu likasimama, naye akazidi kukandamiza pedali akidhani litapita. Mota ikanguruma bila kuzunguka, ukatoka moshi, basi. Ikamlazimu kurudia kukanyaga kwa miguu hadi katikati ya Januari, na sare kumi na mbili zikachelewa.

Jioni ile aliniuliza swali ambalo sikulisahau. "Mwanangu, wewe ndiwe unayesoma huo umeme. Mota hii ikifanya kazi kutwa nzima, naigusa wala hainichomi. Leo imesimama kitambo kidogo tu, nayo imeungua. Ikiwa imesimama ilikuwa ikifanya kazi gani?"

Nilipokwenda kulala nililipima swali lake kwa kanuni ya Ohm, ambayo tulikwisha kufundishwa kidato cha tatu. Kanuni yasema volti ukizigawanya kwa ukinzani wa waya unapata mkondo. Sasa, waya wa mota ni ule ule, ikizunguka au ikisimama. Volti za ukutani ni zile zile. Basi na mkondo ungepaswa kuwa ule ule, na joto lisizidi. Lakini moshi ulikuwa umezidi, tena mbele ya macho yetu. Nilipomweleza Mama kwamba daftari langu halina jibu, alifungua kisanduku chake cha vifungo akatoa shilingi 30,000. Akasema, "Basi kanunue kitabu chenye jibu. Nyingine sina mpaka Juni."

Hivyo ndivyo nilivyorudi shuleni, nikiwa na fedha za kitabu kimoja na swali moja la kukipimia.

Kitabu cha darasani cha Taasisi ya Elimu Tanzania sikihesabu katika uchaguzi huu. Hicho kimefuata mtaala, na ni lazima mtu akijue, apende asipende. Tunachokichagua sisi ni kitabu cha pili, cha kukaa nacho chini ya mti siku ya Jumapili, na hapo ndipo mashauri yalipoanza kunimiminikia.

Mshauri wa kwanza alikuwa kaka yangu, ambaye yuko chuo kikuu. Alikuja kunitazama akanionyesha kitabu chake cha Edward Purcell, kiitwacho Electricity and Magnetism. Purcell alikuwa Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952, na kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1965. Toleo la tatu, la mwaka 2013, lilitengenezwa pamoja na David Morin, vipimo vyake vikabadilishwa vikawa vya SI. Ni kitabu cha ajabu. Ndani yake sumaku haitokei kama kitu cha pekee kilichoshuka kutoka mbinguni. Mwandishi huanza na chaji za umeme zilizotulia, kisha akazitazama zikiwa zinakwenda, na kwa msaada wa nadharia ya Einstein ya rilativiti akaonyesha kwamba nguvu ya sumaku ni lazima iwepo. Niliipenda michoro yake. Lakini kila ukurasa una hesabu za kalkulasi, nazo wengi wetu hatujazigusa, na katika kila maneno matatu nilikuwa naelewa moja. Kaka mwenyewe alicheka akasema hicho hakuniletea nikisome bali nikione, ili nijue njia inakwenda wapi.

Alichotaka ninunue hasa ni Advanced Level Physics cha Nelkon na Parker, kitabu ambacho kimetumika tangu mwaka 1958 na ambacho hapana shaka wengi wenu mmekiona mikononi mwa ndugu zenu wa kidato cha tano na cha sita. Hoja yake ilikuwa nzito. "Mdogo wangu," alisema, "kitabu cha mwaka mmoja ni kama viatu vya mtoto anayekua. Nunua kikubwa, ukue ndani yake." Nikamwambia kwamba viatu vikubwa huangusha. Hatukupatana, naye akaenda zake.

Rafiki zangu wa bwenini walikuwa na ushauri mwingine: kijitabu cha maswali na majibu. Sikidharau, kwani mwezi wa Oktoba kila mtu atakikimbilia, nami nitakuwa miongoni mwao. Lakini kijitabu cha namna hiyo hukufundisha swali lililokwisha ulizwa. Swali la Mama halijaulizwa katika mtihani wowote niliouona, na kwa hiyo humo halimo.

Ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wetu wa fizikia. Badala ya kunitajia kitabu alinisimulia habari ya mtu mwingine aliyeuliza swali kama langu. Mwezi wa Februari mwaka 1854 kijana mmoja wa Cambridge, mwenye umri wa miaka 22, alimwandikia barua mwanasayansi William Thomson, yule ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin. Aliuliza: mtu ambaye ameona tu yale majaribio ya umeme ya kustaajabisha watu, na ambaye hakipendi sana kitabu cha Murphy, aanze kusoma wapi ili auelewe umeme kidogo? Na akitaka kuwasoma Ampère na Faraday, awapange vipi? Kijana huyo alikuwa James Clerk Maxwell. Baadaye ndiye aliyeandika milinganyo ya umeme na sumaku inayotumika mpaka leo, ambayo pia ilionyesha kwamba mwanga ni mawimbi ya umeme na sumaku. Nilipata faraja kubwa kusikia kwamba naye alianza kwa kuuliza kitabu gani kizuri, na kwamba alikuwapo aliyempa kitabu asichokipenda.

Tena mwalimu akaongeza jambo lililonifaa zaidi. Katika dibaji ya kitabu chake kikubwa cha mwaka 1873 Maxwell aliandika kwamba kabla ya kuanza kujifunza umeme aliazimia kutosoma hesabu zozote za somo hilo mpaka awe amekwisha kuyasoma maandishi ya Faraday yote. Naye Michael Faraday alikuwa nani? Mtoto wa mhunzi wa Kiingereza, ambaye mwaka 1805 aliwekwa kujifunza kazi katika duka la kujalidi vitabu mjini London, akawa anasoma vile vilivyoletwa kutiwa majalada. Na katika kimoja, ensaiklopidia, alikuta makala ya umeme. Shule alisoma kidogo sana na hesabu hakuwa nazo. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme hupita katika waya huo. Maandishi yake yana aya zilizotiwa namba, moja baada ya moja, na humo ameeleza alichokifanya kwa mikono yake na alichokiona, hata pale ambapo hakuona kitu. Mtu mwenye hesabu nyingi kama Maxwell alichagua kuanza na mtu asiye na hesabu. Mwalimu alinitazama akaniambia, "Usichukue hapo kwamba hesabu hazina faida. Chukua kwamba kuna zamu." Kisha akanipa kipimo: katika kila kitabu nitakachokishika, nifungue ukurasa wa kanuni ya Lenz, nitazame kama kinasema kwa nini.

Jumamosi mbili mfululizo, kwa ruhusa ya matroni, nilikwenda mjini kwa mzee mmoja auzaye vitabu vilivyotumika. Huvitandaza juu ya turubai karibu na kituo cha mabasi, vya dini upande mmoja, vya shule upande wa pili. Nilimwamkia, nikamweleza ninachokitafuta, naye akanipa kigoda. "Kaa usome, binti," akasema. "Kitabu hakiliwi na macho." Nadhani hakujua kama ningekaa muda mrefu kiasi kile.

Kanuni ya Lenz, ya mwaka 1834, yasema kwamba mkondo unaozalishwa na sumaku huelekea upande wa kukipinga kile kilichouzalisha. Vitabu vyote nilivyovishika vilikuwa nayo, imeandikwa kwa herufi nzito na kuzungushiwa kisanduku. Viwili viliishia hapo hapo, vikaendelea na kanuni ya mkono wa kulia. Mwanafunzi wa vitabu hivyo ataikariri, na siku ya mtihani ataipata, kisha ataisahau akiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani. Nelkon na Parker walitoa sababu, tena sahihi, lakini kwa ufupi, kwa kuwa wanamwandikia mtu aliyekwisha kupita kidato cha nne.

Kitabu cha nne hakikuwa na jalada wala kurasa kumi na sita za mwanzo. Hata leo sijui jina la aliyekiandika. Mzee alikuwa amekitumia kukandamizia magazeti yasipeperuke. Lakini ukurasa wa Lenz ulikuwamo, na uliandikwa hivi kwa maana, ingawa si kwa maneno: tuseme mkondo ule haupingi bali unasaidia. Basi ungeisukuma sumaku kidogo tu, nao mkondo ungeivuta zaidi. Ikienda mbio mkondo ungezidi, na mkondo ukizidi ungeivuta tena, na wewe umekaa kando huku ukipata umeme usiokwisha bila jasho. Kwa kuwa dunia haina kitu cha bure namna hiyo, hapana budi mkondo upinge. Nilisoma mara mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo nawashauri wenzangu wote walifanye kabla ya kutoa fedha: nilikifunga kitabu nikamweleza mzee habari ile kwa Kiswahili. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na mara nyingi tunadhani tumeelewa kumbe tumezoea tu sauti ya maneno. Mzee, ambaye hakusoma fizikia, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yaani ukiusukuma unakusukuma." Nikajua kitabu kimefaulu.

Kurasa chache mbele, katika habari ya mota, nilikuta jibu la Mama. Mota inapozunguka, koili yake inazunguka katikati ya sumaku. Na koili inayozunguka katikati ya sumaku, wenzangu, ni dainamo. Kwa hiyo kila mota inayozunguka inazalisha volti zake yenyewe bila kuombwa, na kwa kanuni ile ile ya Lenz volti hizo zinazipinga zile zinazoiendesha. Mkondo unaopita unatokana na masalio tu. Kitabu kilitoa mfano: mota ya volti 12, waya wake una ukinzani wa omu 1. Ikizunguka vizuri huzalisha volti 10 za kupinga. Zinabaki volti 2, na mkondo ni ampea 2. Ukiishika isizunguke, volti za kupinga hutoweka, volti zote 12 huangukia kwenye omu moja, na mkondo huwa ampea 12. Joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe: mwanzo wati 4, sasa wati 144, yaani mara 36. Kanuni ya Ohm haikuwa imedanganya; ila zile volti za ukutani hazikuwa peke yake ndani ya waya.

Lililonishawishi zaidi ya yote ni kwamba kitabu hakikuniachia hapo. Kilisema: chukua mota ndogo, betri na ampeamita, shika mhimili kwa vidole utazame. Nelkon na Parker nao wanalo jibu hili, lazima niseme haki, lakini wao wamelitoa kwa mlinganyo, na bei yao pale juu ya turubai ilikuwa shilingi 25,000. Hiki kisicho na jalada kilikuwa shilingi 7,000.

Kilikuwa na kasoro, nami sikuzificha machoni pangu. Ni cha zamani. Badala ya hezi kimeandika mizunguko kwa sekunde, na mlango wake wa elektroniki umejaa vali za kioo, hakuna transista hata moja. Atakayekitumia lazima asome elektroniki katika kitabu cha darasani, la sivyo atakwenda kwenye mtihani na elimu ya redio za mababu. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vina mtego mwingine pia, nao ni vipimo vya sentimita na gramu katika hesabu za sumaku. Hiki kwa bahati kilikuwa na vipimo vya SI. Kila anayenunua kitabu kilichotumika na avitazame vipimo kabla ya kuitazama bei. Kadhalika atazame maswali mwishoni mwa mlango. Majibu yawepo, ili ujijue. Lakini njia ya kufikia jibu isiwepo, maana jicho huiba.

Nikatoa shilingi 7,000. Shilingi 4,000 nikanunua betri, nyaya na mota ndogo iliyotolewa katika redio ya kaseti mbovu. Ampeamita tulikuwa nayo maabara, lakini saa za maabara zina mpango wake, kwa hiyo tuliweka balbu ya tochi katika njia ya mkondo badala yake. Mota ikizunguka, balbu hufifia. Ukiubana mhimili kwa vidole, balbu inang'aa. Ukiuachia, inafifia tena. Tulifanya hivyo kitandani kwangu kabla ya kengele ya kulala, wasichana tisa, na kila mmoja alitaka abane mwenyewe. Shilingi 19,000 zilizobaki nilimrudishia Mama siku ya wazazi, pamoja na mota ile na balbu yake. Aliubana mhimili, akaachia, akabana tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema sasa akisikia cherehani imekwama ataondoa mguu kwanza na kutazama sindano baadaye.

Niliposoma baadaye kwamba mitambo ya bwawa la Julius Nyerere mtoni Rufiji iko tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla 2,115, sikuiona tena kama hesabu ya gazetini. Kila mmoja ni sumaku na koili, na maji yanasukuma kwa nguvu zote hizo kwa sababu koili inakataa.

Kaka bado hajakubali. Ameniandikia kwamba mwakani, nikijaliwa kuchaguliwa kidato cha tano, nitahitaji Nelkon na Parker, na kwamba bei yake itakuwa imepanda. Kuhusu bei sina la kumjibu. Kuhusu mwakani nitamjibu mwakani.

Kwa sasa kitabu changu kiko bweni la pili, na orodha ya wanaokingoja imebandikwa nyuma ya mlango wa maabara. Kila mtu anakaa nacho siku tatu. Mama amekishonea jalada la khaki kutokana na vipande vya kaptula, kwa hiyo si rahisi kukipoteza. Atakayekichukua asipige mistari kwa kalamu ya wino, na mwenye kurasa kumi na sita za mwanzo za kitabu cha umeme asizozijua ni za nini, tafadhali aniletee.